Mlio wa Mkadi

Ting!

Mlio ulipenya ukutani, mwembamba na safi, kama kijiko kilichogonga bilauri katika nyumba ya jirani. Ukafuata mwingine. Kisha ikamwagika milio mfululizo, ting-ting-ting-ting, na nje ya maabara watu wakapiga vigelegele kana kwamba bibi harusi amechungulia mlangoni.

Siwatu hakuwa ameona kitu bado. Jicho moja alikuwa amelifumba, na la pili limezama kwenye hadubini, ambamo mlikuwa na giza tupu kwa sababu alisahau kuwasha taa. Alikuwa ameliinamia giza hilo tangu vigelegele vya kwanza, akijifanya anafanya kazi.

Mlango ukasukumwa kwa bega. Aliingia Shaweji, binamu yake, kijana mrefu ambaye hata akiomba maji ya kunywa husimama kama anahutubia.

"Umesikia mji unavyocheza ngoma yangu?"

"Nimesikia. Spika zako zinatikisa meza. Vikombe vyangu vinarukaruka."

"Viache navyo vicheze. Vimelala miaka elfu nane!"

Kazi yao wawili ilikuwa moja, ila kila mmoja aliishika kwa ncha yake. Shaweji alisoma chavua, lile vumbi la maua ambalo upepo hulipeperusha hadi baharini, likazama na kuzikwa kwenye tope la chini. Moyo wa chembe ya chavua huoza, lakini ganda lake ni gumu ajabu. Hukaa maelfu ya miaka bila kupoteza umbo, na kila mmea una umbo lake. Kwa hiyo ukitoboa sakafu ya bahari kwa bomba refu na kulivuta juu limejaa udongo, umebeba historia ya mashamba na misitu, tabaka juu ya tabaka, ya leo juu na ya kale chini.

Mashine ya kuzitambua chembe hizo iliitwa Msikizi. Mwanzoni ilitoa tarakimu tu. Shaweji hakuvumilia. Aliifundisha kutoa sauti: nyasi zikawa *shii*, mikoko ikawa *du*, na mkadi ukapewa mlio wa *ting*. Kwa chembe ambayo haikuitambua, mashine ilisema "Hm?" kwa sauti ya Shaweji mwenyewe, akiwa amekunja uso.

Na mkadi, kila mtu wa mji wa Kitopeni alijua, ni mti unaopenda miguu yake iwe majini. Ukisikia mkadi mwingi kwenye tabaka la kale, maana yake hapa palikuwa na kinamasi, na mahali penye kinamasi hapakosi mvua.

"Adhuhuri unatia kidole kwenye ombi la mvua," alisema Shaweji. "Mwenyekiti wa mji ameshapanga viti. Masufuria ya wali yako mekoni."

"Vikombe vyangu havijaafiki."

Vikombe ndiyo ncha ya Siwatu. Katika tope lilelile mlikuwa na magamba ya viumbe vya baharini vidogo kuliko punje ya chumvi. Vitabu huviita foraminifera. Siwatu aliviita vikombe, kwa jinsi vilivyofinyangwa vizuri. Aliviokota kimoja kimoja kwa brashi yenye unywele mmoja. Viko vinavyopenda bahari yenye chumvi kali, na viko vinavyopenda bahari iliyochanganyika na maji ya mto. Katika tabaka lile lililolia ting, hakupata hata kimoja cha maji ya mto.

"Labda mto ulipita upande mwingine," Shaweji alisema.

"Mto wa kulisha kinamasi chote hicho? Ulinyata?"

"Ulinyata! Vikombe vyako vina kiburi kama mwenyewe. Hebu sikiliza, nimewatungia watu." Alikohoa, akanyoosha mkono.

*Udongo umeshanena, mpunga utarejea,*
*Njaa hatutaiona, mkadi umetetea.*

"Nzuri," Siwatu alikiri. "Lakini vikombe havijui kughani."

Shaweji alicheka, akatoka kwenda kuzirudia beti zake mbele ya watu. Siwatu akawasha taa.

*

Juu ya bahari, mbali kiasi cha kuonekana kama ukungu unaong'aa, ilitundikwa miavuli. Ilikuwa maelfu, ya utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu. Ikifunguka, bahari hupata kivuli na kupoa. Ikifungwa, bahari hupata joto na kutoa mawingu. Mwenye ufunguo wa miavuli aliweza kuagiza majira kama mtu anavyoagiza chai.

Lakini miavuli haikuwa na uwezo wa kuumba mvua. Iliweza tu kulielekeza wingu. Likivutwa huku, kule halifiki. Miji ya kwanza kuijaribu ilinyang'anyana mawingu kama watoto wanaogombania shuka, hadi ikatungwa sheria: hakuna mji utakaoomba mvua ambayo ardhi yake haijapata kuionja. Udongo wenyewe utoe ushahidi, na mashahidi wawe wawili, chavua kwa niaba ya nchi kavu na vikombe kwa niaba ya bahari. Wakiafikiana, mji unachagua tabaka moja la kale na kurudishiwa majira yake. Wasipoafikiana, hakuna mvua mpya hadi waafikiane.

Kitopeni, uliokauka tangu Siwatu alipokuwa akisoma shule ya msingi, ulikuwa umechagua tabaka la ting.

"Hodi, wala wali!"

Sauti ilitoka barazani. Siwatu alitoka akifuta mikono. Alikuwa Mzee Chilumba, mjumbe wa Namihango, mji wa mlimani ambao mawingu yake ndiyo yangevutwa. Alikuwa amebeba kapu la mihogo.

"Karibu, mbuzi wa mlimani!" alijibu Bi Somoe kabla ya Siwatu kufungua mdomo. Bibi huyo, mama wa mama zao Siwatu na Shaweji, alikuwa ameketi kwenye mkeka, sinia la maua mbele yake. "Umekuja kutuletea mihogo siku ya wali? Huo ni uchokozi."

"Nimekuja kuwaonyesha chakula cha watu wenye meno."

"Meno yenyewe umebakiwa nayo mangapi?"

"Yananitosha kukung'ata wewe."

Wakacheka wote wawili mpaka Bi Somoe akajishika mbavu. Walikuwa watani, na ungedhani walilelewa nyumba moja.

"Shikamoo, mzee," alisema Siwatu.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye msomaji wa bahari?" Chilumba alimtazama, na utani ukamtoka usoni taratibu. "Nilitaka nikuone kwa macho. Kule kwetu vijana walipiga kelele sana. Wakasema watu wa pwani wanatunyang'anya. Nikawaambia hapana, aliyesema ni udongo, na udongo hauna mjomba Kitopeni. Kama mvua ilikuwa ya kwao zamani, wapewe."

"Na nyinyi, mzee?"

"Tutachimba visima virefu zaidi. Mbuzi tumeanza kuwauza, maana malisho hayatatosha." Akatabasamu ili kumwondolea uzito. "Usijali. Nikishasikia neno lako tu, nalala usingizi."

Bi Somoe akamvuta Siwatu mkono.

"Njoo hapa, mke mwenza." Ndivyo alivyomwita mjukuu wake, kama mabibi wengi wa pwani. "Huwezi kusimama mbele za watu kifua kitupu."

Alikuwa amemaliza kufunga kikuba: asumini nyeupe, vijani vya rihani, na juu yake kipande cha ua la mkadi, lenye vumbi la manjano. Akakibandika kwenye nguo ya Siwatu, juu ya moyo. Harufu ikapanda, tamu kiasi cha kulevya. Mikadi ya Bi Somoe ilikuwa ya mwisho mjini. Iliishi nyuma ya nyumba yake kwa maji ya kuoshea vyombo.

"Umependeza. Hata udongo wenyewe haukupendeza hivi nilipouvisha."

Siwatu alikuwa ameshageuka kuondoka. Akasimama.

"Uliuvisha nini, bibi?"

"Kikuba! Siku ile lilipopasuliwa bomba. Wewe bado ulikuwa kwenye jukwaa la kuchimbia. Nikaingia, nikamkuta mgeni wa miaka elfu nane amelala mezani peke yake, waliompokea kwa glovu na barakoa kama waosha maiti wameshatoka. Nikaona haya. Mgeni wa heshima haingii Kitopeni hivyo. Nikamlazia kikuba katikati, pale penye kifua. Nikamkung'utia na mkadi kidogo, anukie, kisha nikakiondoa kikuba kisije kumnyaukia."

"Shaweji alikuwa wapi?"

"Mume wangu yule? Alikuwa nje, anawaghania watu."

Siwatu alirudi ndani akitembea kama amebeba yai kichwani.

*

Alikichukua kioo cha chavua cha Shaweji, akakiweka chini ya hadubini yake, na safari hii taa ilikuwa inawaka.

Kulikuwa na nyasi za kale: maganda matupu, ya kahawia, yaliyobonyea kama mipira iliyoisha upepo. Ndivyo inavyotakiwa. Miaka elfu nane hula kila kilicho ndani na kuacha kuta tu. Kulikuwa na mikoko, maganda matupu vilevile. Halafu ikaonekana mikadi. Chembe ndogo za mviringo, zenye vijimiiba na kitundu kimoja, zilizojaa, zimenona, za manjano kama zimetoka kuumbwa asubuhi. Hazikuwa zimekaa kaburini hata mwaka mmoja.

Kulikuwa pia na zile chache ambazo Msikizi alizisemea "Hm?" Siwatu alichomoa ua moja la asumini kutoka kifuani, akalikung'uta kwenye kioo kingine, akalinganisha. Zilifanana kama mapacha. Na asumini ya kikuba ililetwa pwani hii na watu, juzijuzi tu katika hesabu ya udongo.

Bibi yake alikuwa ameipaka nchi nzima manukato, na nchi ikaonekana imelowa.

Aliketi. Nje spika zililia ting, na mtu fulani akapiga chafya, harufu ya bizari ikiingia dirishani. Hapakuwa na mtu mwingine Kitopeni aliyejua kusoma vikombe. Neno moja, "naafiki," na mpunga utaota hadi mlangoni. Mikadi ya Bi Somoe itaogelea. Hakuna atakayeulizwa kitu, na hakuna atakayemcheka mwanamke mzee aliyeutendea udongo wema. Ila mlimani mtu mmoja mwenye meno machache atauza mbuzi wake wa mwisho, kisha atalala usingizi, kwa sababu alilisikia neno lake.

Alimwita Shaweji kupitia dirishani. Akamwonyesha vile vioo viwili.

Shaweji alitazama kwa muda mrefu.

"Hii imechezewa."

"Na nani?"

"Na... na mtu! Mtu mwenye wivu!"

"Imechezewa na Bi Somoe. Kwa mapenzi. Wakati wewe uko nje unaghani."

Shaweji akajibwaga kitini, na kwa nukta moja Siwatu alimwonea huruma.

"Mji mzima unaimba ting yangu," alisema kwa sauti ndogo. "Watoto wanaipiga kwenye makopo. Siwatu, tukiwaambia nitatembea wapi? Tungoje mwakani. Tunaweza kusema mashine imeharibika."

"Na Mzee Chilumba tumwambie nini? Ameshaanza kuuza mbuzi."

Shaweji alizunguka chumba mara nyingi, akipigana na nafsi yake kwa mikono yote miwili. Halafu akasimama mbele ya kabati la baridi.

"Sitaki kusifiwa kwa uongo," alinguruma. "Nikisifiwa, nisifiwe kwa haki yangu! Bomba lilipasuliwa kwa urefu, likatoka nusu mbili. Nusu ya pili ilifungwa kwenye utando pale pale. Bibi hakuigusa."

"Haijafunguliwa hata siku moja?"

"Haijafunguliwa. Itafunguliwa uwanjani, mbele ya kila mtu. Kama ni kuaibika, niaibike kwa spika kubwa."

*

Turubai la uwanjani lilikuwa limejaa watu. Mwenyekiti Mfaume alimkaribisha shahidi wa nchi kavu, na Shaweji akasema ana la kusema baadaye, jambo lililowashangaza wote. Kisha Mwenyekiti akamwita shahidi wa bahari.

"Je, vikombe vinaafiki?"

"Haviafiki," alisema Siwatu.

Kelele zikafumka kama sufuria iliyofunuliwa ghafla.

"Chavua tuliyosoma ni mpya," aliendelea kwa nguvu. "Kuna vumbi la maua ya leo limeingia kwenye udongo. Si kosa la udongo, na hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini kinamasi hakikuwepo. Mvua ile si yetu."

"Vumbi la nani?" mtu alipiga kelele.

"La maua tu."

"Maua ya nani?"

Siwatu alijizuia asitazame kwenye mkeka wa wanawake. Mwanamume mmoja karibu na meko alisimama, mwiko mkononi. "Dada Siwatu, sema naafiki yaishe! Nani atajua?"

"Nitajua mimi," alijibu. "Na Mzee Chilumba anauza mbuzi wake kwa kuniamini. Unataka nimwangalie usoni kila mwaka anapokuja kututania, huku nashiba wali wake?"

Mwiko ukashuka. Na hapo, kutoka kwenye mkeka wa wanawake, Bi Somoe akainuka polepole, mkono kwenye goti.

"Ni yangu," alisema. "Maua ni yangu. Niliuvisha udongo kikuba."

Mzee Chilumba akaanza kutikisika mabega, akashindwa kujizuia, akapasuka kwa kicheko kilichomtoa machozi.

"Somoe! Yaani ulitaka kuniibia mvua kwa ua? Wenzako huiba kwa mapanga!"

"Ningekuwa nakuibia ningekuachia mihogo?" alijibu bibi, na turubai zima likalipuka. Watu waliegemeana. Hata Mwenyekiti alijificha nyuma ya kofia yake.

Shaweji hakungoja kicheko kiishe. Alivaa barakoa, akawaagiza wenye vikuba wote, Siwatu akiwemo, warudi nyuma hatua kumi, na Bi Somoe hatua ishirini, ndipo akauweka mezani udongo wa nusu ya pili na kupasua utando mbele ya macho yao. Akachota kutoka tabaka lilelile, akamlisha Msikizi, akafungulia spika hadi mwisho.

*Shii,* ilisema miaka elfu nane. *Shii, shii. Du. Shii, shii, shii.*

Nyasi. Nyasi ndefu zilizopepea kutoka vilimani hadi kwenye mikoko. Watu walisikiliza kimya, wengine wamefumba macho. Hapakuwa na ting. Walikuwa wameanza kuguna, na ndipo, karibu na mwisho, ikaja moja peke yake, tena kwa mbali.

*Ting.*

Kioo kilikuwa kimeshafunikwa, kwa hiyo Siwatu aliruka kwenye hadubini iliyoletwa uwanjani. Aliitafuta kwa dakika nzima, akaipata: ganda dogo, tupu, la kahawia, lililobonyea upande mmoja. Ilikuwa ya kweli.

"Mmoja ulikuwepo!" alipiga kelele. "Bibi, mkadi mmoja ulikuwepo kweli!"

Vigelegele vilivyofuata vilizidi vya asubuhi. Siwatu aliwaeleza akiwa bado anahema. Vikombe na nyasi sasa vilisema jambo moja: mvua ya hapa ilikuwa fupi, lakini haikukosa kuja. Mwaka baada ya mwaka, kwa majira yake. Ni mvua ya mtama, mbaazi na ufuta, na tangu Siwatu alipokuwa shule ya msingi mji haukuwa umeona hata hiyo. Kuileta hakungehitaji zaidi ya upindo wa mawingu ya Namihango, ule unaomwagikia baharini bila faida ya mtu.

"Wali wa leo je?" aliuliza mwenye mwiko.

"Wali wa leo tuule," alisema Mwenyekiti. "Wa kesho tutaununua kwa mtama."

Siwatu akatia kidole. Chilumba akatia cha kwake, kisha akatangaza kwamba mbuzi waliokwisha kuuzwa Bi Somoe atawakomboa kwa kumfungia mke wa Chilumba kikuba kila sikukuu hadi kufa. Shaweji tayari alikuwa amepanda juu ya kiti.

*Ua la Bibi si kosa, ni mapenzi yamezidi,*
*Mvua yetu ya kupasa, haiombwi kwa mkadi!*

Walimshangilia, na alipokea shangwe hiyo kifua mbele, maana hii ilikuwa ya haki yake.

Katikati ya kelele Siwatu alimwona bibi yake ameketi tena kwenye mkeka, akitabasamu kwa watu, vidole vikichezea sinia tupu. Mvua ya mtama isingetosha kulowesha miguu ya mikadi. Aliyejua hilo vizuri kuliko wote ni yeye aliyekuwa akiinywesha kwa maji ya vyombo. Siwatu alienda akapiga magoti mbele yake, kikuba kikinukia baina yao.

"Bibi," alisema, akipaza sauti mpaka ikafika mekoni. "Maji yote tunayooshea vyombo vya maabara, kuanzia kesho, nitayabeba mwenyewe hadi kwenye mikadi yako, kiangazi na masika. Na siku tutakapofungua bomba jingine, nitakufuata kwako nikushike mkono, utasimama nje ya dirisha la maabara umwone mgeni anavyopokelewa, na nikitoka tu utanivisha mimi kikuba cha mgeni huyo. Mkadi ulikuwepo hapa miaka elfu nane iliyopita. Hautaishia mikononi mwangu. Nakuahidi, na hawa wote wamenisikia."